Usaili wa Sekretarieti ya Ajira: kutoka tangazo hadi mbele ya jopo

Nafasi nyingi za mashirika makubwa ya umma Tanzania, TANESCO (umeme) na TRC (reli) yakiwemo, hutangazwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Usaili una ngazi, na kila ngazi ina namna yake ya kumwangusha mtu.

1. Maombi. Fungua akaunti kwenye Ajira Portal, mfumo wa maombi wa Sekretarieti mtandaoni, kwa namba yako ya NIDA. Pandisha vyeti vyenyewe na barua ya maombi iliyosainiwa. Saini ndiyo husahaulika: mtu anachapa barua, anaihifadhi, anaipandisha hivyo hivyo. Ukikosa kuitwa, ingia kwenye akaunti. Sababu huwa imeandikwa.

2. Tangazo la kuitwa. Ukiona jina lako, nakili namba ya mtihani kutoka kwenye akaunti siku hiyo hiyo, kwa sababu mlangoni haitolewi. Kisha panga bahasha:

- vyeti halisi, kuanzia kidato cha nne, na cheti cha kuzaliwa;
- kitambulisho kinachotambulika: cha taifa, cha mpiga kura au hati ya kusafiria;
- cheti cha usajili na leseni, kama kada yako ina bodi ya kitaaluma.

Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita haipokelewi badala ya cheti. Majina yakitofautiana, Hamisi hapa na Khamis pale, unahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Aliyesoma nje ya nchi ahakikiwe vyeti mapema na TCU (vyuo vikuu), NACTVET (vyuo vya kati na ufundi) au NECTA (sekondari); hilo si la kukimbilia wiki ya usaili. Nauli, chakula na malazi ni juu yako.

3. Mchujo. Ni mtihani wa kuandika, siku hizi mara nyingi kwenye kompyuta. Silabasi yako ni orodha ya majukumu iliyo kwenye tangazo. Geuza kila jukumu kuwa maswali matatu: ni nini, hufanywaje, sheria au kanuni gani inalisimamia. Kuvuka nusu ya alama hakutoshi kila mara, maana wanaoendelea huchukuliwa kuanzia juu kufuatana na idadi ya nafasi. Madereva na mafundi hupitia pia usaili wa vitendo.

4. Mahojiano. Hapa jopo linasikiliza mpangilio wa kazi. Chukua swali la fundi umeme: "Fyuzi moja ya transfoma ya kilovoti 33 imeungua. Utafanyaje?" Anayejibu "nabadilisha fyuzi" ameacha alama nyingi mezani. Jibu linalobeba alama huenda hivi: napata kibali cha kazi na kuvaa vifaa kinga, nakata mzigo upande wa volti ndogo kwanza, kwa sababu kufungua fyuzi zikiwa na mzigo huzua cheche kubwa, nafungua fyuzi za juu kwa fimbo isiyopitisha umeme, napima kuthibitisha hakuna umeme, kisha naunganisha nyaya na ardhi. Baada ya hapo natafuta kilichoiunguza, naondoa muunganiko wa ardhi, napima ukinzani wa kihami cha transfoma (kinachozuia umeme kuvuja), na ndipo naweka fyuzi ya kiwango kile kile. Ona kwamba fyuzi mpya imekuja mwisho kabisa.

Hata mhasibu au afisa ugavi ajibu kwa mtindo huo: usalama au kanuni kwanza, hatua kwa mfuatano, na sababu pale inapohitajika. Usilolijua, sema hulijui na ueleze ungelitafuta wapi. Wajumbe hutambua haraka mtu anayezungukazunguka.

Ukiambiwa ujieleze, dakika mbili zinatosha: elimu, kazi uliyofanya, na inavyogusana na nafasi hii. Habari za ukoo na shule ya msingi ziache nyumbani.

5. Baada ya usaili. Waliofaulu wakakosa nafasi huwekwa kwenye kanzidata na wanaweza kupangiwa nafasi ikipatikana, kwa hiyo endelea kusoma majina ya wanaoitwa kazini na usiitupe laini ya simu uliyojisajilia. Ukipangiwa kituo, beba tena vyeti halisi. Mwajiri huvihakiki upya kabla hujaanza kazi.