SOMO: Jinsi ya kutambua seti ya kale ya Happy Families

Ukikuta boksi la karata zenye watu wa vichwa vikubwa na nyuso za ajabu, litazame vizuri kabla hujaliuza. Huenda ni Happy Families, mchezo wa Kiingereza uliotolewa na John Jaques wa London mwaka 1851. Wengi humtaja John Tenniel, aliyechora picha za kitabu cha watoto cha Alice in Wonderland mwaka 1865, kuwa ndiye mchoraji wake.

1. Hesabu. Sahau kopa na uru, hapa tunahesabu familia. Seti ya mwanzo ina familia 13, kila moja baba, mama, mtoto wa kiume na wa kike: karata 52. Jina la ukoo linaendana na kazi ya baba. Bun (mkate mdogo) ni mwoka mikate, Soot (masizi) msafisha dohani, Tape (utepe) fundi nguo, Bones (mifupa) muuza nyama. Zipange mezani ukoo kwa ukoo, aliyepotea utamjua mara moja.

2. Pembe. Za awali ni kali. Za mviringo zilikuja baadaye.

3. Rangi. Chukua lenzi. Rangi ya brashi, ya seti za awali, huvuka mstari hapa na pale, na karata ileile katika seti mbili haifanani sawasawa. Mimi hupenda hatua hii kuliko zote, maana unauona mkono wa mtu.

4. Boksi. Tafuta anwani ya Hatton Garden, mtaa wa London. Kiwanda cha Jaques cha huko kiliangamizwa kwa mabomu katika Vita Kuu ya Pili.

Karata ikichanika, tafadhali usibandike selotepu! Gundi yake hugeuka njano na kuchubua picha.

MASWALI

Ahsante kwa somo, mkuu. Yangu ina karata 42, na mababu wamo. Imepungua?
– Haijapungua, ndugu. Hiyo ni ya Kifaransa: familia 7, watu 6 kila moja, babu na bibi wakiwemo.

Naweza kucheza nayo na wanangu?
– Zile za kale zihifadhi, dada, wapigie fotokopi kwenye karatasi ngumu. Gawa karata zote. Unamwomba mwenzako karata fulani, mradi mkononi unaye japo mmoja wa familia hiyo. Akiwa nayo anakupa, unaendelea kuomba. Akiwa hana anajibu "hayupo nyumbani", na zamu inakuwa yake. Mwenye familia kamili nyingi ndiye mshindi.