Kaa Mkekani, Mtoto Aseme: Kuandaa Kipindi cha Watu Wazima Kufundishwa Imani na Watoto

Kipindi hiki ni cha dakika 45, na anayefundishwa ni mtu mzima. Tunalisema mapema kwa kuwa hapo ndipo vipindi vingi huharibikia. Watu wazima wa jumuiya huja na simu mkononi, wakangoja watoto waimbe, wakapiga makofi na kwenda zao. Hilo ni onyesho, nalo lina siku yake.

Kabla ya kuandaa chochote, someni Mathayo 18 mistari 1 hadi 5. Wanafunzi wanauliza nani aliye mkubwa, Yesu anamwita mtoto na kumsimamisha katikati yao. Hamwambii aimbe wala hamuulizi swali. Wengi wakifika hapa hutaja moyo safi wa mtoto, lakini aliyelea mtoto wa miaka minne anajua kwamba anadanganya, anang'ang'ania na anauma. Jambo lililopo ni jingine: mtoto wa enzi zile hakuwa na cheo wala mali, na neno lake barazani halikuhesabiwa. Aliishi kwa kupewa. Luka 18:15 inataja hata watoto wachanga, ambao hakuna tendo jema la kuwahesabia. Naye Paulo katika 1 Wakorintho 14:20 anatuwekea mpaka: katika uovu tuwe wachanga, katika akili tuwe watu wazima. Kwa hiyo msije kuigiza utoto. Njooni kutazama namna mtu anavyoomba, anavyopokea na anavyouliza akiwa hana heshima ya kuilinda.

Hapa Bagamoyo hoja hii ina mizizi. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipovuka kutoka Zanzibar mwaka 1868, sehemu kubwa ya watu waliowakusanya misheni walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. (Wasifanywe picha ya kupendeza; walilima mashamba, tena kwa jasho.) Lakini ni kweli kwamba Kanisa la mji huu lilisimama juu ya watu ambao hakuna aliyewauliza maoni yao.

Mahali na watu

Tafuteni watoto 5 hadi 8, wa miaka 4 hadi 8. Watu wazima wasizidi 12, la sivyo watoto watakunja midomo. Wenye Utoto Mtakatifu (chama cha watoto Wakatoliki) au Shule ya Jumapili waongee na mwalimu wa watoto kwanza, maana ndiye anayejua nani anaogopa nani. Saa 10 jioni panafaa, jua likiwa limepungua na upepo wa bahari umeanza. Chini ya mwembe ni bora kuliko ukumbini, kwani ukumbini kila mtoto ameshafundishwa kunyamaza.

Tandikeni mikeka mitatu ya ukindu. Watu wazima wote wavue viatu wakae chini, na bibi mwenye magoti mabovu apewe kigoda. Kiti cha plastiki kisiwepo. Sauti inayotoka juu ya kiti ni ya mwalimu, na mtoto akiisikia huanza kutafuta jibu la kumfurahisha mwenye sauti. Tumeona kwamba jambo hili moja hubadilisha kipindi kuliko wimbo wowote.

Simu zote ziingie kikapuni, na picha ya mtoto isitumwe kwenye kundi la WhatsApp. Mzazi wa kila mtoto aombwe ruhusa mapema, na wakati wote wawepo watu wazima wasiopungua wawili. Rafiki wa Kiislamu akija na mwenzake, kama ilivyo kawaida ya mtaa, aulizwe mzazi wake kabla hajaketi. Akikataa, mtoto asiaibishwe.

Kipindi chenyewe

Kwa mara ya kwanza tumieni Yohana 6 mstari wa 5 hadi 13, habari ya Yesu kulisha umati kwa mikate mitano na samaki wawili wa mtoto mmoja. Wekeni katikati ungo wenye maandazi 5 na vibua 2 vilivyokaangwa, umefunikwa kanga. Mikate ile ilikuwa ya shayiri, chakula cha mnyonge, kwa hiyo mwenye kupata mkate wa mofa atakuwa karibu zaidi. Keki haifai. Ulizeni wazazi kama kuna mtoto ambaye samaki humdhuru.

Msomaji asome mara mbili, polepole, bila kueleza kitu, kisha afunue ungo. Maswali ni matatu tu. Umependa sehemu gani? Ungekuwa wewe mwenye mikate hii, ungejisikiaje? Unajiuliza nini? Baada ya kila swali msomaji ahesabu kimoyomoyo hadi 15. Ukimya huo huwatesa watu wazima, na takribani kwenye 8 kuna mama atakayetaka kumsaidia mwanawe: "Si useme kile ulichoniambia jana!" Mkubaliane kabla kwamba hakuna kusaidia.

Yanayokuja baada ya swali la tatu ndiyo yanayotuleta hapa. Mtoto yule mwenye mikate anaitwa nani? Mama yake atamgombeza? Na yeye alikula? Mtu mzima aliyesikia habari hii miaka 30 hajawahi kuuliza hata moja, kwa sababu amekaa upande wa Filipo, mwanafunzi wa Yesu. Filipo anapiga hesabu: mikate ya dinari 200 haitoshi. Dinari moja, kwa Mathayo 20, ni ujira wa kibarua kwa siku. Basi mezani pana siku 200 za kazi, na hesabu ni sahihi kabisa. Andrea, mwanafunzi mwenzake, anamwona mtoto, lakini naye anamalizia kwa kuuliza hivi ni nini kwa watu wengi hivi. Injili nyingine tatu zinaitaja mikate na samaki bila kumtaja mtoto. Jina lake halimo popote. Mtoto wa miaka mitano aliyeketi mbele yenu ameliona pengo hilo, kwa kuwa yeye pia huitwa "wewe mtoto".

Msijibu. Semeni, "Hata sisi hatujui jina lake." Swali la kama alikula, rudini kwenye mstari wa 11 na 12, watoto wenyewe wasikie kwamba walioketi waligawiwa kadiri walivyotaka wakashiba.

Sasa mtoto mmoja agawe. Maandazi 5 kwa watu 18 hayagawanyiki vizuri, na mikono ya watu wazima itawasha: kata vidogo, anza na babu, usimwage. Tulieni. Tazameni anaanza na nani, na nani anagundua kwamba aliye pembeni hajapata. Kuna mtoto atakayeficha kipande mfukoni. Huyo naye amefundisha. Kila mtu aulizane na nafsi yake kuhusu kikapu cha sadaka, mtoto aachwe na kipande chake.

Malizeni kwa sala, watoto wakitangulia. Sala ya mtoto ni fupi na ina kitu ndani yake: "Naomba boti ya baba irudi." Kisha kila mtu mzima aombe kwa maneno yasiyozidi 10, akianza na "Naomba" au "Asante". Hapa waliozoea kuongoza ibada hukwama kabisa. Ukiondoa "Ee Mungu uliyejaa rehema na neema" na yote yafuatayo, wengine hugundua hawajui wanachoomba.

Watoto wakienda kucheza, watu wazima wabaki dakika 10 na daftari. Kila mmoja aandike sentensi moja ya mtoto kama ilivyosemwa, bila maelezo. Maelezo yakiingia, sentensi huwa ya mwandishi.

Yanayoharibika

La kwanza ni jibu la "Yesu". Mtoto wa katekista huulizwa chochote akajibu Yesu, au dhambi, au kusali. Hana kosa; amejifunza kwamba maswali ya kanisani yana jibu lililofichwa. Dawa ni kuuliza tu kile ambacho wewe mwenyewe hukijui.

La pili ni kicheko. Mtoto akisema Mungu hulala usiku, watu wakacheka, atanyamaza au atageuka mchekeshaji. Vyovyote vile mmempoteza. Jibu ni "Kwa nini unafikiri hivyo?" kwa uso uleule. Kosa la mafundisho litasahihishwa kwenye kipindi cha katekisimu.

La tatu ni kinyume chake: kuchukua kila neno la mtoto kama ufunuo. Kwa hili tumieni 1 Samweli 3, ambayo twaiona bora kuliko zote kwa kipindi cha pili. Mtoto Samweli alisikia sauti ya Mungu lakini hakuijua. Alikimbilia kwa kuhani Eli mara tatu. Mzee aliyekuwa haoni vizuri ndiye aliyetambua nani anaita, akampa maneno ya kujibu. Asubuhi akataka aambiwe yote, na habari yenyewe ilikuwa mbaya kwake na kwa nyumba yake. Hakumpiga mtoto. Mtoto husikia na mzee hutambua. Mzee asiyetaka kuambiwa neno baya asiandae kipindi hiki.

La nne ni zito. Mara nyingine mtoto akiwa huru mkekani husema jambo la nyumbani: anapigwa, au kuna mtu anamshika. Msimhoji mbele za watu. Mshukuruni, endeleeni kwa utulivu, kisha mtu mzima mmoja apige 116, namba ya huduma kwa mtoto, au aende ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto polisi. Msianze kwa kumwita mtuhumiwa kwenye kikao cha jumuiya. Wala mtoto huyo asiambiwe asamehe upesi kwa kuwa "watoto hawana kinyongo". Ni kweli waliogombana kwenye kombolela hurudiana kabla jasho halijakauka, na mtu mzima ana la kujifunza hapo, lakini huo ni ugomvi wa watoto walio sawa.

Mara moja kwa mwezi inatosha. Kikiwa cha kila wiki hugeuka darasa. Baada ya Samweli, nendeni 2 Wafalme 5, kwa kijakazi mdogo wa mke wa Naamani, jemadari wa Shamu. Huyo mpeni kipindi kizima peke yake, na katika mji huu msiruke neno kwamba alitekwa.

Mwisho, Yohana anasema vilibaki vikapu 12 vya vipande, kwa hiyo makombo ya ungo yasitupwe kimyakimya. Waulizeni watoto yaende wapi. Mara nyingi watasema kuku.