Mkanda wa kawaida au wa pointi sita? Mwongozo kwa mwenye gari la mbio

Vijana wengi wanaoleta Subaru Impreza au Mitsubishi Evo gereji huanza na ombi moja: wafungiwe mikanda ya mbio ya pointi nne, yaani inayoshikwa na gari sehemu nne, ile ya rangi kali, na kila kitu kingine ndani ya gari kibaki kama kilivyotoka kiwandani. Huwa nakataa. Gari la namna hiyo limechukua nusu ya mfumo wa barabarani na nusu ya mfumo wa mashindano, na mifumo hiyo miwili haichanganyiki. Nitaeleza hatua ninazofuata, na sababu ya kila moja.

Hatua ya 1: Elewa mwili unavyoumia

Chukua gari linalokwenda kilomita 72 kwa saa, yaani mita 20 kwa sekunde, likagonga mti. Tuseme pua inabonyea na dereva anasimama ndani ya nusu mita. Hapo mwili unapunguzwa mwendo kwa nguvu ya takriban mara 40 ya mvutano wa dunia, na mtu wa kilo 80 anausukuma mkanda kama mzigo wa tani tatu na zaidi. Mzigo huo unaweza kubebwa na mifupa mikubwa tu: nyonga chini, mbavu na mabega juu.

Mkanda wa kiunoni ukipanda kutoka kwenye nyonga hadi tumboni, mzigo unaangukia utumbo, ini, wengu na pingili za chini za uti wa mgongo. Jambo hilo hutokea pale mwili unapoteleza chini ya mkanda, miguu ikitangulia. Mikanda ya pointi nne huchangia sana, kwa sababu ile ya mabegani inapokazwa na mzigo huivuta bizimu juu, na hakuna kitu chini cha kuizuia.

Kuna pia shingo. Mabega yakishikwa imara, kichwa na helmeti huendelea mbele peke yake, na mfupa wa kitako cha fuvu unaweza kupasuka. Ndivyo alivyokufa dereva wa mbio wa Marekani, Dale Earnhardt, kwenye uwanja wa Daytona tarehe 18 Februari 2001. Kabla ya mwaka huo kwisha, NASCAR, waandaaji wa mashindano hayo, ilikuwa imelazimisha madereva wake kuvaa kifaa cha kushikilia kichwa na shingo. Formula 1 ililazimisha HANS, kifaa cha aina hiyo kinachokaa mabegani na kuungwa na helmeti kwa kamba, mwaka 2003.

Hatua ya 2: Amua gari ni la wapi

Kama unalipeleka kazini Jumatatu, bakisha mkanda wa pointi tatu, yaani ule wa kawaida wa kiwandani. Muundo wake ulitoka kwa mhandisi Nils Bohlin wa Volvo mwaka 1959, na ule ulio kwenye gari lako umeongezewa mengi: kifaa kinachouvuta ghafla ajali inapoanza, kingine kinachouachia kidogo kidogo ili mbavu zisivunjike, na mfuko wa hewa uliopimwa kwa mtu aliyefungwa mkanda huo huo.

Gari likibingirika na paa likaingia ndani, mwenye mkanda wa kawaida ana nafasi ya kuinama pembeni. Aliyefungwa mabega yote mawili amesimamishwa wima, na paa linashukia kichwa na shingo. Kwa hiyo mikanda ya mbio inadai kizimba cha mabomba ndani ya gari. Kizimba nacho kinadai helmeti, maana kichwa kitupu kikigonga bomba la chuma, hata lililovishwa sponji, fuvu linaweza kupasuka. Helmeti inaongeza uzito wa kichwa, nao unadai HANS. Ukianza safari hiyo, imalize yote.

Walio na magari ya barabarani nawaomba wakague kitu kimoja leo. Washa swichi bila kuwasha injini, uangalie taa ya mfuko wa hewa: iwake, kisha izime. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu aliyeizima kwa ujanja baada ya mifuko kufunguka katika ajali ya zamani. Kisha mpe wakala wa kampuni namba ya chesisi. Magari mengi ya Kijapani ya miaka ya 2000 yalitoka na mifuko ya kampuni ya Takata, ambayo kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Mfuko kama huo ukifunguka, kopo lake linaweza kupasuka na kurusha vyuma usoni. Aliye Mombasa au Dar es Salaam asilichelewe hili.

Hatua ya 3: Nunua pointi sita, soma lebo

Kwa mashindano chagua pointi sita: miwili mabegani, miwili nyongani, miwili kati ya mapaja. Ya pointi tano ina mmoja tu kati ya mapaja, na mzigo wake unaishia mahali ambapo hakuna mwanaume anayetaka uishie.

Tafuta lebo iliyoshonwa kwenye mkanda: FIA 8853-2016, ya shirikisho la kimataifa la mbio za magari, au SFI, ya shirika la viwango la Marekani, kama chama chako kinaikubali. Lebo ya FIA inaonyesha mwaka wa mwisho wa matumizi. Mkanda wa mtumba uliopitwa na mwaka huo usiuvae hata kama unaonekana mpya, kwani nyuzi hupungua nguvu kwa jua na jasho. Ile ya kijani yenye jina la Takata imeigwa sana, na mitandaoni bandia zimejaa. Bei ikiwa chini ajabu, iache.

Hatua ya 4: Kiti kwanza

Kiti cha mashindano chenye matundu ya mikanda yote. Mikanda ya nyonga ipite ndani ya matundu, isipande juu ya kingo. Kiti cha kiwandani kina sponji laini mno, mwili unazama na mikanda inalegea.

Hatua ya 5: Kufunga

Hapa ndipo kazi huharibiwa zaidi, kwa hiyo usiharakishe.

Mikanda ya mabegani ifungwe kwenye bomba la kizimba lililo nyuma ya kiti. Ishuke kidogo tu kuelekea nyuma. Kanuni za FIA haziruhusu zaidi ya nyuzi 45 chini ya mlalo, na zinapendekeza isizidi 10. Ukiifunga sakafuni, ajali ikitokea itayakandamiza mabega kwenda chini na kuubana uti wa mgongo. Iwe mifupi pia, kwa sababu mkanda mrefu unanyumbuka zaidi.

Mahali papya pa kufungia kwenye bodi pawekewe bamba la chuma upande wa pili: angalau sentimita 40 za mraba, unene wa milimita 3. Bati la sakafu peke yake litachanika. Boliti ziwe za M12 daraja 8.8 au 7/16 UNF, zikae namna ambayo mzigo utazisukuma kwa ubavu, si kuzivuta zing'oke.

Kisha kibati cha mwisho wa mkanda kielekee moja kwa moja kule mkanda unakovuta. Kikikaa upande, mkanda unajikunja kwenye kona moja ya tundu na kuchanika kuanzia hapo. Uchunguzi wa ajali ya Earnhardt ulikuta mkanda wake wa nyonga wa kushoto umechanika. Nikimaliza, huvuta kila mkanda kwa nguvu na kutazama kama upana wote umekaza sawasawa.

Kwenye bizimu za kurekebishia urefu, zile zenye pau tatu, rudisha mkanda kupitia upau wa tatu, na uache mkia wa sentimita 10 hivi.

Hatua ya 6: Kuvaa

Anza na nyonga. Shusha mkanda hadi kwenye mkunjo wa paja na nyonga, uukaze mpaka uhisi usumbufu. Fuata ya mapajani, kisha mabega. Ya mabegani ikishakazwa, rudi ukague nyonga, kwani huenda bizimu imepanda. HANS hukaa chini ya mikanda yote miwili ya mabega, ndiyo maana haifanyi kazi na mkanda wa pointi tatu. Kamba zake ziungwe kwenye helmeti. Navigeta, yaani msaidizi anayemsomea dereva njia, naye afanye vivyo hivyo.

Jizoeze kufungua na kutoka ukiwa umefumba macho.

Hatua ya 7: Utunzaji, na baada ya ajali

Vumbi la Naivasha huingia kwenye nyuzi na kuzisaga. Osha kwa maji na sabuni nyepesi, usitumie jiki, anika kivulini.

Baada ya kugonga kwa nguvu, badilisha mikanda yote. Hata wa kawaida: kile kifaa cha kuuvuta hufanya kazi mara moja tu. Ile ya zamani ikate vipande ili asije akaiuza mtu.

Na aliyekuwa ndani akiwa na mchubuko wa mkanda unaokata tumbo, apelekwe hospitali hata kama anatembea na kuongea vizuri. Utumbo uliopasuka unaweza kuchukua saa nyingi kabla ya kuonyesha dalili. Amweleze daktari alikuwa amevaa mkanda wa aina gani na mchubuko uko wapi, na asikubali kurudi nyumbani kabla tumbo na mgongo havijachunguzwa.