Yupi Ana Akili? Namna ya Kuwazungumzia Watoto Mbele za Watu

Nauza vitenge hapa Mwanza, na nina pacha wako darasa la sita. Swali ninaloulizwa kuliko hata bei ya doti ni hili: "Mama Kulwa, kati ya hawa yupi ana akili?" Watu wanaliuliza huku watoto wenyewe wamesimama palepale, wamenishikia mifuko.

Kulwa anashika nafasi za juu darasani. Doto kusoma kunamtoa jasho. Anafuata mstari kwa kidole, na akikutana na neno refu anabahatisha. Lakini daftari la madeni sina haja ya kulifungua Doto akiwepo: nani kachukua doti gani, kalipa kiasi gani, yote anayo kichwani.

Kwanza kabisa, usiwaweke watoto wawili kwenye sentensi moja. Ukisema "Kulwa yuko vizuri, Doto naye hivyo hivyo tu," umeshamuanika. Mimi hujibu, "Wote wangu hao. Nikukunjulie hiki cha bluu?" Mteja atacheka, biashara itaendelea. Usianze kujieleza, maana maelezo ndiyo yanayozaa maswali mengine. Wifi akija likizo akataka ripoti zisomwe sebuleni: "Wifi, tumeshazisoma na wenyewe. Karibu chai."

Sifa nazo zina mtego, na hapa wazazi wengi hatuangalii. Doto akimaliza ukurasa mzima bila kusaidiwa, kwangu ni sherehe. Ila ukilitangaza hilo kwenye kikao cha vikoba, watu watasikia kwamba mtoto wa darasa la sita ndiyo kwanza anasoma ukurasa. Sifa ya namna hiyo mpe mwenyewe, nyumbani. Na yule anayefaulu usimshushe kwa kuogopa kijicho, eti "huyu naye hana lolote," huku anakusikia. Sema "Ahsante, kasoma kweli," basi.

Ripoti kwenye status, hapana. Januari 2023 Baraza la Mitihani, NECTA, liliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa. Kama wenye mtihani wao wameacha, mimi nambandikia nani?

Mahali pa kusema yote ni kwa mwalimu, tena mkiwa wawili, kikao cha wazazi kikishakwisha. Mweleze mtoto anakwama wapi hasa: ni herufi zinazofanana, au ni ubao hauoni vizuri? Muulize kama macho na masikio yapimwe. "Mtoto wangu mzito" haimsaidii mwalimu chochote.

Mwakani ni mtihani wa darasa la saba, na matokeo yakitoka simu zitaita mfululizo. Tumeshakubaliana watatu: Kulwa karuhusu niseme yake. Doto kasema wanaotaka kujua ya kwake wampigie yeye, halafu akaomba anunuliwe simu.