Weka Saa ya Maombi Kabla ya Dhoruba
Katika Danieli 6:10 tunasoma kwamba Danieli, alipojua kuwa amri ya kuzuia maombi imekwisha kutiwa sahihi, aliingia nyumbani mwake na kupiga magoti mara tatu kwa siku, madirisha yakiwa wazi kuelekea Yerusalemu, kama alivyokuwa akifanya tangu hapo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayonigusa zaidi, kwa kuwa mazoea yalitangulia msukosuko. Chagua basi saa moja usiyoibadilisha, hata zikiwa dakika 10 tu za alfajiri, simu ukiiacha chumba kingine, usome zaburi moja kwa sauti ya chini. Siku ya msiba au ya kupoteza kazi, maneno yakikukauka mdomoni, irudie zaburi ile ile uliyoizoea. Hiyo nayo ni sala.