Kabla hujaandika "utamaduni", jiulize unasema nini

Ukiandika bango la kikundi cha ngoma Newala, maelezo ya watalii Kilwa au insha ya shule Nachingwea, neno "utamaduni" litakujia kabla ya mengine. Liandike kwenye rasimu, kisha lirudie kwa kalamu. Ni neno pana mno, na mara nyingi huziba jambo lenyewe ulilotaka kulisema.

Anza kwa kulifuta. Tuseme umeandika: "Kikundi chetu kinadumisha utamaduni wa Kimakonde." Toa "utamaduni" uone kinachobaki: hakuna kitu. Msomaji hajui kama ni ngoma, unyago, uchongaji au mapishi. Sasa taja kitendo: "Kikundi chetu kinacheza sindimba, na kinawafundisha vijana kuchonga mapiko, yaani vinyago vya kuvaliwa, na kuyacheza." Hapo anajua aje kutazama nini, na afisa utamaduni wa halmashauri anajua anaandikisha kikundi cha aina gani.

Ukishataja kitendo, chagua neno lake. Hapa ndipo wengi wanapoteleza, kwa sababu mila, desturi, jadi na mazoea huandikwa kama kitu kimoja.

Mila ina uzito wa wajibu. Ukiivunja, ukoo utakuita. Kwa Wamakonde, Wamakua, Wamwera na Wayao, ukoo kwa asili hufuata upande wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu ya wapwa zake. Akiachwa nje kwenye mazungumzo ya ndoa ya mpwawe, hiyo si kasoro ndogo ya adabu: mila imevunjwa. Desturi ni nyepesi zaidi, ni jambo lililozoeleka kufanywa kwa namna fulani. Kufunga duka Ijumaa wakati wa swala ni desturi. Asiyefunga atasemwa, lakini hatawekewa kikao. Jadi inatazama nyuma, kwa mababu, kwa hiyo "ngoma ya jadi" ni sawa, ila "jadi mpya" inajipinga yenyewe. Ada nayo ilimaanisha desturi, lakini leo msomaji akiiona anafikiria karo ya shule, basi iepuke.

Mazoea ni tabia tu, hata mbaya. Msimu wa korosho utasikia watu wakisema "utamaduni wa kangomba". Kununua korosho za mkulima kwa kipimo cha kienyeji nje ya mnada si utamaduni wa mtu yeyote. Ni biashara iliyokatazwa ambayo watu wameizoea. Ukiiita utamaduni unaipa heshima isiyostahili, na unawapaka wakulima wote wa Kusini. Vivyo hivyo kwa rushwa na uchelewaji: andika "mazoea" au "tabia".

Ustaarabu ni neno la kushika kwa uangalifu zaidi. Linafaa kwa adabu ya mtu: "amejibu kwa ustaarabu." Ukilitumia kwa kabila, umeshasema kuna kabila lingine lisilo nao.

Kwa magofu tumia urithi. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981. Ni urithi na ni mambo ya kale. Kinyago cha mpingo ni sanaa. Lakini lipiko linalovaliwa na mchezaji kwenye sherehe za jando limebeba sanaa na mila kwa pamoja, na hapo utamaduni unaweza kurudi kwa haki yake, kwa kuwa unajumlisha mambo mengi ya jamii moja.

Kazi ngumu zaidi ni ya mfasiri. Neno la Kiingereza "culture" limetoka kwenye Kilatini, kwenye kulima na kutunza shamba. Utamaduni wetu umetoka kwenye Kiarabu, tamaddun, ndugu wa madina, yaani mji. Moja lina asili ya shamba, jingine ya mji, ndiyo maana tafsiri ya moja kwa moja huharibika kila jambo linapokuwa la kuotesha au kufuga. Mwani wa Songosongo na Mikindani ni kilimo cha mwani, kamwe si "utamaduni wa mwani". Samaki wa bwawani ni ufugaji wa samaki. Kinachogandisha maziwa ya mtindi ni kimea. Hospitali, kipimo kinachoitwa "culture" ni kuotesha vijidudu: sampuli ya mkojo huwekwa kwenye chakula cha vijidudu, kwa joto la nyuzi 35 hadi 37, na husomwa baada ya saa 18 hadi 24. Makohozi ya kifua kikuu yanaweza kuchukua hadi wiki 8, kwa sababu vijidudu vyake huota polepole. Mgonjwa akiambiwa "tunaotesha mkojo wako" anaelewa kwa nini majibu hayatoki leo.

Sarufi ni fupi. Umoja: utamaduni wetu umebadilika. Wingi: tamaduni zetu zimebadilika. "Utamaduni yetu" ni kosa. Tumia wingi pale tu unapotaja jamii zaidi ya moja. Sifa yake ni "ya kitamaduni".

Mwisho, taja wenyewe na mahali. "Utamaduni wa Kusini" unawachanganya Wamwera wa Lindi na Wamakonde wa Tandahimba. Na kama maandishi yanagusa unyago au jando, yasomeshe kwanza kwa kungwi au nyakanga, yaani kiongozi wa mafunzo hayo, wa hapo. Kutaja kwamba mwali amechezwa, amefundishwa na ametoka ndani kunaruhusiwa kwa kawaida. Alichofundishwa mle ndani ni jambo jingine. Kungwi akisema hilo halisemwi nje, futa sentensi nzima, usiifiche nyuma ya neno "utamaduni".