Tairi za mbele zimekwisha: uzirudishe nyuma au ununue mpya?

"Fundi, za mbele zimekwisha. Zirudishe nyuma, za nyuma zilete mbele, nisukume nazo mpaka mwisho wa mwezi."

Maneno haya nayasikia karibu kila siku hapa Morogoro, na mara nyingi anayesema ana safari ya Dodoma kesho yake, watoto wakiwa ndani ya gari. Kuna siku namwambia sawa. Kuna siku nakataa hata kama najua hela hana, maana tairi lililokufa ukilirudisha nyuma limekufa vilevile, ila sasa dereva amelisahau. Hivi ndivyo ninavyopima kabla ya kumjibu. Unaweza kuyafanya yote nyumbani.

Paki gari asubuhi, tairi zikiwa baridi, mahali pagumu na pa tambarare. Vuta hendibreki. Andaa kipimo cha upepo, jeki, spana ya nati za magurudumu, rula, njiti ya kiberiti, kitambaa kizito na tochi ya simu.

Hatua ya 1: Anza na ubavu

Watu wengi huinama na kutazama kashata kwanza, yaani ule mpira wenye mifereji unaokanyaga barabara. Mimi naanza ubavuni, kwa sababu ubavu ukiwa mbaya hakuna haja ya kupima kingine. Pitisha kiganja taratibu kuzunguka tairi lote. Ukikuta nundu, hata ndogo kama nusu ya limau, nyuzi za ndani zimekatika, pengine gari liliingia kwenye shimo au lilipanda ukingo wa barabara kwa kishindo. Sehemu ile imebaki inashikwa na mpira mtupu. Haizibwi, haichomwi, hairudishwi nyuma. Tairi hilo litoe.

Kisha tafuta umri wake. Ubavuni kuna herufi DOT, na mwisho wa mstari huo kuna tarakimu nne. Ukiona 2319, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Usipoziona kwa nje, tazama ubavu wa ndani, kwani huandikwa kamili upande mmoja tu. Tairi likipita miaka 6 nalikagua kila linapofika mbele yangu, nikitafuta nyufa ndogondogo kwenye mpira. Likifika 10 nalitoa, kashata ziwe nzuri kiasi gani. Wanaonunua tairi za mtumba wazingatie sana hapa: tairi linaweza kuwa na kashata nene na kung'aa kwa dawa, kumbe mpira umekauka.

Hatua ya 2: Pima kina, na usisahau upande wa ndani

Ndani ya mifereji ya tairi kuna vituta vidogo vya mpira. Mara nyingi pembeni mwa tairi huwekwa herufi TWI au alama ya pembetatu kuonyesha vilipo. Kashata zikishalingana na vituta hivyo, umebakiwa na milimita 1.6, na tairi limekwisha.

Huna kipimo cha kina? Simamisha njiti ya kiberiti ndani ya mfereji, mbali na kituta, weka alama kwa ukucha pale kashata inapoishia, kisha ilaze njiti kwenye rula. Tairi jipya la gari dogo huwa na milimita 8 hivi. Mimi nikipata 4 na kuendelea, nahamisha bila wasiwasi. Kati ya 3 na 4 nahamisha, lakini namwambia mwenye gari aanze kuweka akiba. Chini ya 3, masika ikiwa imekaribia, namshauri anunue, kwa sababu mifereji mifupi haiwezi kutoa maji ya kutosha na gari linaanza kuelea juu ya lami.

Pima sehemu tatu kwenye kila tairi: nje, katikati na ndani. Namba ndogo kuliko zote ndiyo namba ya tairi hilo.

Nasisitiza upande wa ndani kwa sababu uliniumiza. Nilipokuwa bado mgeni kwenye kazi hii nilirudisha nyuma tairi za mbele za Noah moja. Kwa nje zilikuwa na milimita 4, safi kabisa. Sikupitisha mkono ndani. Kabla ya kufika Gairo moja likapasuka. Mwenye gari alikuwa anakwenda polepole, wote wakatoka salama, akaniletea lile tairi. Bega la ndani, pale kashata zinapokutana na ubavu, lilikuwa limelika upana wa vidole viwili, nyaya zimechomoza kama nywele za brashi. Nyaya hazichomozi kwa safari moja. Zilikuwepo wakati nimelishika tairi lile mikononi mwangu. Tangu siku hiyo silegezi nati kabla ya kukata usukani mpaka mwisho, kumulika tochi na kupapasa bega la ndani. Papasa kwa kitambaa, waya hukata.

Hatua ya 3: Jiulize limelikaje

Tairi lililolika pembeni zote mbili limetembea na upepo mdogo. Lililolika katikati lilijazwa kupita kiasi. Kuna wanaojaza psi 40 kila gari kwa mazoea. Kipimo sahihi kiko kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Magari mengi ya Japani huandika kwa kPa, na 220 ni sawa na psi 32 hivi.

Likilika upande mmoja, alaimenti (mkao wa magurudumu) imekwenda, au bushi na boljointi, viungo vinavyoshikilia gurudumu, zimechoka. Likiwa na mabonde mabonde, kagua shokapu. Tibu ugonjwa kwanza, ndipo uhamishe. Ukihamisha bila kutibu, tairi nzuri ulizozileta mbele zitalika vilevile, na baada ya miezi michache utanunua nne badala ya mbili.

Hatua ya 4: Amua

Kama zote nne zimezidi milimita 3, hazina nundu na hazipishani sana, hamisha.

Kama mbili zimekwisha na mbili bado nzuri, nunua mbili, na hizo mpya zifunge nyuma. Hapa wateja hubishana nami sana, wanataka mpya zikae mbele kwa sababu ndiko kwenye usukani. Nawaeleza hivi: mbele kukiteleza kwenye mvua, utahisi usukani umekuwa mwepesi, utaachia mafuta, gari litashika tena. Nyuma kukiteleza, gari linageuka kutazama ulikotoka, na madereva wengi hawawezi kulirudisha. Kwa hiyo zinazoshika vizuri zikae nyuma, gari livutwe na magurudumu ya mbele au lisukumwe na ya nyuma.

Gari linaloendesha magurudumu manne muda wote linataka tairi nne zinazolingana. Zikipishana mzunguko, difu (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu) zinafanya kazi bila kupumzika na zinaharibika.

Jambo moja zaidi: ukiona neno STUDLESS ubavuni, hilo ni tairi la barafu lililokuja na gari kutoka Japani. Mpira wake ni laini, kwenye lami yetu ya moto unalika haraka. Usihangaike kulihamisha; panga kulibadilisha.

Hatua ya 5: Kuhamisha

Weka mawe kwenye magurudumu yatakayobaki chini. Legeza nati nusu mzunguko kabla ya kupiga jeki. Usiingie uvunguni gari likiwa juu ya jeki peke yake.

Gari linalovutwa na magurudumu ya mbele, kama IST ya kawaida: za mbele zinarudi nyuma moja kwa moja, za nyuma zinakuja mbele kwa kupishana, ya kulia inakwenda kushoto na ya kushoto kulia. Linalosukumwa na ya nyuma, kama Hiace, fanya kinyume: za nyuma zinakuja mbele moja kwa moja, za mbele zinarudi nyuma kwa kupishana. Tairi lenye mshale na neno ROTATION halivuki upande.

Kaza nati kwa kurukia ya mkabala, usifuate duara. Shusha gari, ndipo ukaze kabisa. Rekebisha upepo, maana mara nyingi mbele na nyuma havifanani. Andika kilomita za siku hiyo kwenye karatasi, uiweke kwenye droo ya gari. Zikifika 8,000 hadi 10,000, kagua na uhamishe tena.

Na nati zikaze upya baada ya kilomita 50 hadi 100. Wanaotoka kwangu kwenda Dodoma nawaambia wasimame Dumila, washuke na spana, wapitie moja moja.